Haki Iliyokatwa na Seneti

Kila mwaka, somo la Katiba ya Marekani likifika, huwa naandika ubaoni tarehe moja: 12 Septemba 1787. Siku ya kutia saini ilikuja siku tano baadaye. Tarehe hii ni ya siku ambayo mkutano wa Philadelphia ulioandika katiba hiyo uliombwa kuweka hati ya haki ndani ya katiba, ukakataa.

Aliyeomba ni George Mason wa Virginia, mtu aliyekuwa mstari wa mbele kuandika Azimio la Haki la jimbo lake mwaka 1776. Alisema kazi yenyewe ingechukua saa chache tu. Elbridge Gerry wa Massachusetts akatoa hoja, kura zikapigwa kwa majimbo. Majimbo 10 yalikataa, na hakuna hata moja lililokubali. Wawili hao, pamoja na Edmund Randolph, hawakutia saini.

Wanafunzi hushtuka, nami huwaomba wasikimbilie kuwahukumu waliokataa. Roger Sherman, mjumbe wa Connecticut, aliona hati za haki za majimbo zinatosha. Alexander Hamilton, mjumbe wa New York, baadaye alikuja na hoja nzito zaidi: ukiikataza serikali kubana magazeti wakati hukuwahi kuipa mamlaka hayo, unampa mjanja kisingizio cha kudai kwamba mamlaka hayo yapo. Hoja hii naiheshimu. Marekebisho ya Tisa ya katiba, yaliyoongezwa baadaye na yanayosema kutajwa kwa haki fulani hakufuti nyingine zilizobaki kwa wananchi, yanaijibu moja kwa moja. Tena katiba ya awali haikuwa tupu: ilikuwa na haki ya mahabusu kufikishwa mbele ya jaji, katazo la sheria za kuadhibu kosa lililotendwa kabla halijawa kosa, na katazo la kupima dini ya mtu kabla ya kumpa wadhifa. Lakini karatasi hiyohiyo ilimhesabu kila mtumwa kama tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya wabunge, na ikalizuia Bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa hadi 1808. Anayefundisha haki za katiba hii akaliruka hilo, hajafundisha.

Kilichobadilisha mambo ni hofu ya kushindwa. Katiba ilipopelekwa majimboni kuridhiwa, Massachusetts ilipita kwa kura 187 dhidi ya 168, tena ikiambatana na mapendekezo ya marekebisho. Virginia ilikuwa 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. James Madison wa Virginia, ambaye aliwahi kuzidharau hati za haki kama vizuizi vya maandishi tu, alijikuta akigombea ubunge dhidi ya James Monroe katika wilaya iliyokuwa ikidai hati hiyo. Akaahidi. Akashinda. Tarehe 8 Juni 1789 akasimama bungeni kutimiza ahadi, wakati wenzake wengi wakiona kuna shughuli za haraka zaidi, kama ushuru.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu darasani. Miongoni mwa mapendekezo ya Madison kulikuwa na kifungu kilichoyakataza majimbo yenyewe kuvunja uhuru wa dhamiri, uhuru wa magazeti na haki ya kushtakiwa mbele ya jopo la wananchi. Alikiita chenye thamani kuliko vyote kwenye orodha, kwa sababu aliamini jimbo, lililo karibu na mwananchi, linaweza kumwonea kama serikali kuu au zaidi. Wawakilishi wakakipitisha. Seneti, ambayo wakati huo wajumbe wake walichaguliwa na mabunge ya majimbo na ilikutana kwa faragha, ikakiondoa.

Marekebisho 12 yakapelekwa majimboni, 10 yakaridhiwa kufikia 15 Desemba 1791, nayo ndiyo Hati ya Haki. Mawili ya mwanzo yalikwama, ndiyo maana tunayoyaita ya Kwanza yalikuwa ya tatu kwenye orodha. Mojawapo ya yaliyokwama, la mishahara ya wabunge, liliridhiwa mwaka 1992.

Gharama ya mkato ule wa Seneti ilimfika John Barron, mwenye gati huko Baltimore. Jiji lilipochepusha vijito, mchanga ukajaa kwenye gati lake hadi meli zikashindwa kutia nanga. Alidai fidia kwa kutumia Marekebisho ya Tano, yanayoitaka serikali ilipe inapotwaa mali ya mtu. Mwaka 1833 Jaji Mkuu John Marshall alimjibu kwamba marekebisho yale yanaibana serikali kuu peke yake. Barron hakupata kitu.

Ilihitaji vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha Marekebisho ya Kumi na Nne ya 1868, ili majimbo nayo yafungwe. Hata hapo mahakama zilikwenda polepole, haki moja baada ya nyingine. Hii ya fidia ilitambuliwa dhidi ya majimbo mwaka 1897, katika kesi ya reli ya Chicago.

Ni Marekebisho hayo ya Kumi na Nne ambayo wakili Thurgood Marshall aliyatumia mwaka 1954 kuangusha ubaguzi katika shule za umma. Miaka sita baadaye alikuwa London, kwenye mkutano wa Lancaster House kuhusu katiba ya Kenya, akiwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya na kuwaandikia rasimu ya hati ya haki. Ndani yake aliweka elimu na afya, mambo ambayo hati ya kwao haiyataji. Na aliweka fidia kwa mali inayotwaliwa na serikali, ile aliyoikosa Barron, safari hii ikiwalinda pia walowezi wazungu wenye mashamba.