Je, wajua kwa nini mkwaruzo mdogo wa baiskeli hugeuka kutu upesi Tanga?

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka, na asubuhi wanafunzi, wauza samaki na watumishi wote wamo barabarani wakipiga pedeli. Usiku, kwenye nyumba nyingi za kupanga, baiskeli hizo hulala koridoni katikati ya vyumba, nne au tano zimeegemeana ukutani. Alfajiri mpangaji mmoja akitoa yake, zilizobaki zote zinasogea, na kukicha mwingine anakuta mstari kwenye bomba la juu la fremu yake. Ugomvi wa wapangaji huanzia hapo.

Mstari wenyewe si taabu kubwa. Taabu ni kwamba baada ya wiki chache pembeni yake panatokea vipele vya kahawia, rangi inainuka, na ukiigusa inabanduka kipande kizima. Kwa nini?

Rangi ya fremu ina matabaka: praima iliyoshikana na chuma, rangi yenyewe, na mara nyingi vanishi angavu juu. Yote pamoja huwa na unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita tu. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usiponasa, walioumia ni vanishi na macho yako. Ukinasa na ndani unaona chuma kinang'aa, kazi imeanza.

Upepo wa bahari hubeba matone madogo sana ya maji ya chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki juu ya fremu, nayo huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Maji ya bahari yana pia chumvi za magnesi, na mojawapo huanza kuvuta maji unyevu ukiwa kama asilimia 33 tu. Usiku wa pwani huvuka viwango hivyo bila shida. Kwa hiyo baiskeli iliyolala ndani, chini ya bati, isiyoguswa na tone la mvua, inaweza kuwa na utando wa maji ya chumvi usiku kucha. Mkwaruzo huohuo Dodoma, penye hewa kavu, huchukua muda mrefu zaidi kuota kutu.

Na kutu haikai palepale ilipoanzia. Chuma kikiyeyuka ndani ya mkwaruzo, pembeni yake, chini ya rangi, maji na oksijeni hutengeneza magadi makali yanayoachanisha praima na chuma. Maji ya chumvi yanapenya kwenye nafasi hiyo, yanaendelea kula. Isitoshe, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inaisukuma rangi kutoka chini mpaka inafura malengelenge. Ndiyo maana kupaka rangi juu ya kutu bila kuikwangua ni kupoteza pesa: unalifunika lengelenge linaloendelea kukua.

Sasa, mikwaruzo hiyo inatoka wapi? Watu humlaumu jirani kwamba anavuta kwa nguvu. Mimi naona mkosaji mkubwa ni pedeli. Ukiisukuma baiskeli mbele, pedeli hutulia. Ukiirudisha nyuma, gurudumu la nyuma huvuta mnyororo na pedeli huzunguka. Koridoni karibu kila mtu huingiza baiskeli kwa mbele na kuitoa kinyumenyume, gizani, na pedeli ya chuma inamchora jirani bila yeye mwenyewe kujua. Dawa haina gharama: shika keria, inua gurudumu la nyuma kidogo lisiguse sakafu, ndipo uvute. Pedeli haitazunguka.

La pili ni usukani. Zikipangwa zote zimeelekea upande mmoja, usukani hugongana na usukani, breki huingia kwenye waya za mwenzake. Zipangwe kwa kupishana, mbele ya moja kwenye nyuma ya nyingine. Anayeondoka mapema awe wa nje. Mkipatana hilo tu, mmemaliza zaidi ya nusu ya kazi, na hakuna haja ya kuitana "jirani" kwa sauti ile ya saa kumi na moja alfajiri.

Kwa sehemu zinazogusana, kata tyubu chakavu vipande, ufunge kwenye bomba la juu na kwenye ncha za pedeli. Fundi baiskeli yeyote anazo tyubu za kutupa. Ila mpira mweusi huacha doa kwenye rangi nyeupe au ya krimu, kwa hiyo weka kitambaa cha pamba chini yake. Kamba ya mkonge, ambayo mkoa huu unayo tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche mwaka 1893, usiitumie hapa: nyuzi zake hushika mchanga na unyevu, vitu viwili tunavyovikimbia. Kuifunika baiskeli gubigubi kwa nailoni nako sikushauri, maana jasho linabaki ndani na chumvi yake.

Vumbi usilifute kwa kitambaa kikavu. Mchanga ni mgumu kuliko rangi, utakuwa unaisugua msasa mwenyewe. Mwagia maji yasiyo na chumvi kwanza, chumvi na mchanga viondoke, ndipo ufute. Vua na vile vipande vya tyubu, osha chini yake, kausha, halafu urudishe.

Mkwaruzo uliofika kwenye chuma uzibe siku hiyohiyo ukiweza. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kabisa, kwangua kutu yote kwa msasa laini, paka praima kidogo kwa ncha ya njiti, ikikauka paka rangi. Kama praima hakuna, rangi ya kucha itakusogeza. Na kama hata hiyo haipo nyumbani, pakaa mafuta ya mgando; yanazuia maji kwa muda, lakini uyatoe yote kwa sabuni kabla ya kupaka rangi, la sivyo haitashika.