Tangi Kubwa Halipoozi Oili: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Usukani wa Haidroliki Porini

Gari la porini lililofungwa tairi pana za inchi 35 au zaidi huudai usukani nguvu ambayo mfumo uliotoka nao kiwandani haukukusudiwa kuitoa kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo wamiliki wengi huongeza silinda ya haidroliki, inayosukumwa na oili kutoka kwenye pampu, kwenye tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele) ili iusaidie usukani kusukuma, na baada ya muda mfupi huanza kulalamika kwamba oili inachemka, inamwagika kwenye kifuniko na pampu inapiga kelele. Ushauri wa kwanza wanaoupata gereji huwa mmoja: funga tangi kubwa zaidi, joto litaisha. Ushauri huo una chembe ya ukweli ndani yake, na nadhani ndiyo maana unadumu, lakini unachanganya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa, yaani kuchelewesha joto na kuliondoa.

Tuanze na mahali joto linapozaliwa. Nguvu yoyote ya pampu ambayo haikutumika kugeuza magurudumu hubaki kwenye oili ikiwa joto. Dereva anapokata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo, au tairi inapobanwa na jiwe naye akaendelea kulazimisha, magurudumu hayasogei tena, presha hupanda hadi valvu ya usalama ifunguke, na kazi yote ya pampu hugeuka joto. Presha ya bar 100 na mtiririko wa lita 8 kwa dakika hutoa takriban wati 1,300, ambalo ni joto la pasi ya umeme lililoelekezwa kwenye lita moja au mbili za oili. Kama joto hilo lingesambaa sawasawa, lita moja ingepanda karibu nyuzi 0.8 za Selsiasi kila sekunde, yaani nyuzi 24 kwa nusu dakika. Lita mbili zingepanda nyuzi 12 kwa muda uleule. Hiyo ndiyo faida halisi ya tangi kubwa: linakupa muda. Kazi ikiendelea saa nzima bila njia ya kutosha ya kutolea joto, tangi dogo na kubwa huishia kwenye joto linalokaribiana, isipokuwa kubwa limechelewa kufika.

Kinachoondoa joto ni eneo la chuma linaloguswa na hewa inayotembea, na hapa ndipo inapoingia dhana ya pili, kwamba ukishafunga rejeta ndogo ya oili mbele ya rejeta ya injini umemaliza. Barabarani, ambako upepo unaipiga wakati wote, inaweza kutosha. Porini mambo hubadilika. Katika mashindano ya Rhino Charge, yanayofanyika Kenya tangu 1989, madereva hutafuta kufikia vituo 13 ndani ya muda wa saa 10 kwa umbali mfupi kuliko wenzao, hivyo hukatiza makorongo na vichaka badala ya kuvizunguka. Gari linalotambaa hivyo halina upepo wake lenyewe, na rejeta ya oili isiyo na feni yake hubaki kutegemea hewa ambayo tayari ni moto. Ifungwe kwenye hozi ya kurudishia oili, ambako presha ni ndogo, kamwe si kwenye hozi ya presha. Tena hata rejeta nzuri haina msaada mkubwa wakati usukani umeshikiliwa mwisho, kwa kuwa katika pampu nyingi zenye valvu ya usalama ndani yake, oili huzunguka humo humo ndani ya pampu na ni kidogo tu inayofika kwenye rejeta. Kulegeza usukani kidogo tu kutoka mwisho kunaokoa oili kuliko kifaa chochote cha kununua, na ningependa kila fundi amwambie hivyo mteja kabla ya kumwuzia chochote.

Wengine huamini kwamba tangi lazima liwe kubwa kwa sababu silinda kubwa hunyonya oili nyingi. Silinda yenye fimbo pande zote mbili hupokea upande mmoja kiasi kilekile inachotoa upande wa pili, kwa hiyo kiwango cha tangini hakibadiliki. Yenye fimbo upande mmoja hubadilisha kiwango kwa ujazo wa fimbo tu: fimbo ya milimita 16 inayosafiri sentimita 20 ni takriban mililita 40, chini ya nusu ya kikombe cha chai. Kazi ya tangi iliyo muhimu zaidi ni kuipumzisha oili ili viputo vya hewa vipande juu na kutoka. Ukifungua kifuniko baada ya safari ngumu ukakuta ATF yako nyekundu (oili ya gia otomatiki, inayotumika pia kwenye usukani) imegeuka waridi, imejaa povu laini kama maziwa, tatizo ni hewa, na kuongeza lita hakutasaidia ikiwa hozi ya kurudisha inamwaga oili juu ya uso wake au kuielekeza moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Oili irudi chini ya kiwango chake, kuwe na kizuizi kati ya njia ya kuingia na ya kutoka, na hozi ya kwenda kwenye pampu iwe pana, fupi na yenye kushuka.

Tangi halijazwi pomoni, kwani lita mbili zikitoka nyuzi 20 hadi 100 huongezeka kwa zaidi ya mililita 100.

Vilevile si kweli kwamba pampu yenye mtiririko mkubwa huongeza nguvu ya usukani. Nguvu hutokana na presha ikizidishwa na eneo la pistoni. Mtiririko huleta wepesi wa kugeuka. Anayepandisha presha kwa kuchezea valvu hupata nguvu, ila na joto hupanda kwa kiwango hichohicho.

Kuhusu aina ya oili, fuata kitabu cha gari, na usikubali kuongezewa oili ya breki hata kidogo, kwa maana huvimbisha na kulainisha sili za mpira zilizokusudiwa kutumika na oili zitokanazo na mafuta ghafi.

Mwisho kuna dhana inayowagharimu watu pampu nzima: usukani ukiwa mzito oili ikipata moto, pampu imekufa. Oili moto huwa nyepesi, na injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini sehemu yake huvuja ndani ya pampu badala ya kwenda kazini. Pima presha kwa geji mara mbili, oili ikiwa kwenye nyuzi 70 hivi na tena usukani unapokuwa mzito. Ikiwa kipimo cha kwanza ni kizuri lakini cha pili kimeshuka, shughulikia joto kwanza. Ikiwa hata cha kwanza kiko chini, pampu au valvu yake imechakaa.