Laptopu Ikifa, Diski Haijafa

Hapa Kisumu nimesikia kauli hii mara nyingi mno: "Laptopu imekufa, basi picha zimeenda." Sivyo. Mara nyingi kilichokufa ni madabodi (bodi kuu ya kompyuta) au mfumo wa chaji, na faili zimelala salama kwenye diski. Mama mmoja wa Kondele alikuwa karibu kuuza yake kama chuma chakavu, picha za harusi ya bintiye zikiwa ndani. Tulifungua skrubu, tukaitoa diski, nyembamba kama daftari dogo, tukaiunganisha na kompyuta mpya kwa waya wa SATA (kiunganishi cha diski) wenye kichwa cha USB. Diski ya inchi 2.5 hupata umeme wa kutosha kupitia waya huo huo. Ile ya inchi 3.5 huhitaji adapta yake ya volti 12.

Kompyuta ikikuuliza kama ungependa kufomati diski, yaani kuifuta na kuiandaa upya, tafadhali kataa! Ikisema huna ruhusa ya kufungua folda, hilo ni suala la umiliki tu: ingia kama msimamizi, ujipe ruhusa. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, itadai ufunguo wa tarakimu 48. Na ikianza kugonga, ka-ka-ka, ichomoe mara moja, maana kila mzunguko waweza kukwaruza sahani zenye data.