Fudi ploti ni nini, na mbona wanaichanganya na mazao funikizi?

Binamu yangu wa Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, alinitumia video ya mzungu mmoja wa Marekani kasimama katikati ya soya imestawi inamfika kiunoni, eti amepanda na wala havuni. Binamu kauliza, "huyu yuko sawa kweli?" Yuko sawa. Anachofanya kule wanaita fudi ploti, na ngoja nieleze maana nimeona hata mabwana shamba wanaichanganya na mazao funikizi.

Fudi ploti ni shamba la kulisha mnyama wa porini, basi. Mwenye shamba analima, anapanda, anapalilia, anayevuna ni mnyama. Mnyama mwenyewe ni yule kulungu wao mwenye mkia mweupe, tunamwita kulungu kwa kukosa jina lingine, ila sio hawa wa kwetu. Pembe za dume zinadondoka kila mwaka kipindi cha baridi halafu zinaota upya, zinakomaa mwezi wa nane wa tisa hivi. Sasa fikiria kuotesha mfupa kichwani kwa miezi minne mitano, si inataka msosi wa maana? Ndo soya inapoingia. Majani yake mabichi ukiyakausha karibu robo ya uzito au zaidi ni protini, hayo anayala kiangazi, baridi ikiingia majani yameshapukutika lakini maganda yamebaki kwenye mashina yanachomoza juu ya theluji, na punje za ndani zina protini kama asilimia 40 na mafuta kama asilimia 20.

Na msimu wa kuwinda unaangukia humo humo, sehemu nyingi ni kati ya Septemba na Januari. Mwindaji anajenga dungu pembeni ya shamba anapanda na bunduki yake. Yani dungu kabisa, hili hili la kwetu, tofauti ni kwamba sisi tunakaa juu na debe tunapiga kelele nguruwe na nyani wakimbie, yeye anakaa kimya hata kukohoa hakohoi ili waje.

Mazao funikizi ni habari nyingine. Hayo unapanda kwa ajili ya udongo, usikae uchi ukapigwa na mvua na jua, magugu yabanwe, mbolea isichuruzike na maji. Mkanganyiko unakuja kwa sababu wale jamaa wanafanya vyote shamba moja: soya ikianza kuwa njano wanarusha juu kwa juu mbegu za rai, nafaka jamaa ya ngano, majani ya soya yakidondoka yanazifunika, zinaota. Rai inavumilia baridi kali kwahiyo shamba linabaki kijani, udongo umefunikwa na kulungu naye anapata cha kutafuna.

Huku kwetu kufunika udongo sio jambo geni, ni jina tu. Kunde zinazotambaa kati ya mahindi ni nini kama sio hizo? Mbaazi nazo zinapukutisha majani chini mpaka unakanyaga zulia. Marejea, mmea wa jamii ya kunde, wamisionari wa Peramiho, hapo jirani Songea, waliihubiri sana kama mbolea ya kijani, yani mmea unaopandwa ukarudishwa udongoni. Kuna na upupu wa kulimwa, ule hauwashi, lakini mtajie mjomba yeyote wa Newala neno upupu uone kama atakuruhusu shambani kwake. Na kichanga kile cha uwanda wa Makonde kinahitaji kweli kufunikwa. Ukitaka kujua kunde zako zinafanya kazi ng'oa mche mmoja ukiwa unatoa maua, chukua kinundu cha kwenye mzizi ukipasue kwa kucha, ndani kikiwa chekundu au pinki basi naitrojeni, ile mbolea ya hewani, inanaswa, kikiwa cheupe au kijani hamna kitu.

Mimi mwenyewe niliwahi kupanda kunde robo ekari imepakana na kichaka. Kila asubuhi nakuta vikonyo vimekatwa, vijinyayo vya paa kila mahali, wiki tatu nyingi shamba limekwisha. Kumbe nilipanda fudi ploti bila kujua. Na wao linawakuta hilo hilo, soya ukipanda kieneo kidogo kulungu wanaimaliza ikiwa na majani mawili matatu, ndo maana wengine wanazungushia uzio wa umeme mpaka ikomae halafu wanaufungua.

Ila usije ukasema na mimi nipande soya nivizie paa. Kule mwenye ardhi akiwa na leseni anawinda kwake msimu ukifika, hapa kwetu mnyama ni mali ya umma hata akiwa amelala kwenye mihogo yako, ukimpiga bila kibali ni ujangili. Halafu ukiwa upande wa Liwale huwezi kuchagua mgeni, unasubiri paa anakuja tembo.

Binamu nimemwambia apande kunde kati ya mistari ya mikorosho mvua zikiwa bado zinanyesha, avune mapema, palizi ya mwezi wa sita isikute zimetanda chini maana korosho ikidondoka humo utaitafuta kwa tochi. Na ule upande wa kichakani aweke ufuta, kwa nilivyoona mimi paa hawahangaiki nao.