Katiba, kodi ya mapato na video ya dereva wangu

Kila msimu wa kodi hapa Marekani, yaani kuanzia Januari mpaka Aprili 15, mimi ninayejazia watu fomu za kodi sikosi mteja mmoja wa kuniletea video. Safari hii alikuwa dereva wa lori, Mkongomani, kaweka W-2 yake (karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka) mezani na simu juu yake, kaka hebu msikilize huyu mzungu, anasema kodi ya mapato haimo kwenye katiba, kulipa ni hiari tu. Nikamwambia ndugu yangu, ukiandika hivyo kwenye fomu, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya huku, wanakupiga faini ya dola 5,000 kwa hoja ya kipuuzi, hata majaji wameshachoka nayo.

Ila nyuma ya ule upuuzi kuna kisa cha kweli. Katiba yao inasema kodi ya moja kwa moja lazima igawanywe kwa majimbo kufuata idadi ya watu. Chukua majimbo mawili, kila moja lina watu milioni 1, kwa hiyo kila moja litoe dola milioni 100. Lile tajiri lina kipato cha bilioni 10, linatoa 1%. Lile maskini lina bilioni 5, linatoa 2%. Yaani masikini ndo anabanwa zaidi, na haikwepeki kwa sababu katiba imeshaamua hivyo. Basi mwaka 1895 kwenye kesi iliyoitwa Pollock, majaji 5 dhidi ya 4 wa Mahakama ya Juu wakaifuta kodi ya mwaka 1894 iliyokuwa 2% juu ya kipato kinachozidi dola 4,000, kwa sababu haikugawanywa kwa majimbo, na ikabidi katiba ibadilishwe ili kodi ya mapato itozwe bila mgawanyo huo, marekebisho ya 16, yakapita 1913.

Sasa sikiliza hapa, maana hawa wa video huwa wanaparuka. Ugomvi wa Pollock ulikuwa mapato ya wenye mali: pango la nyumba, gawio la hisa na riba. Mshahara wa mtu mahakama haikuugusa. Kwa hiyo hata wakiyafuta hayo marekebisho ya 16 kesho asubuhi, wa kwanza kupumua ni mwenye hisa, dereva wangu sijui!

Wenye hoja ya maana kidogo ni hawa wa FairTax, mswada unaorudi Bunge la huko tangu 1999. Wanataka kufuta kodi ya mapato na IRS yenyewe, iwe kodi ya mauzo tu, 23%. Hiyo 23 ina ujanja. Kitu cha dola 100 dukani unalipa 130, halafu wanakwambia 30 ndani ya 130 ni 23%. Mtu wa kawaida kwenye risiti yake anaona 30, na mimi nasema ni 30.

Kwenye hoja yao ya uhuru lakini, kwamba serikali isichungulie maisha ya mtu, nawaelewa, tena sana. Fomu ya kodi inakuuliza umeoa au hujaoa, watoto wangapi, wanalala kwako miezi mingapi kwa mwaka, mimi nayauliza hayo kila siku na naona watu wanavyojikunja kwenye kiti. Shida ni kwamba FairTax nayo ina hela ya kila mwezi ya kufidia kodi ya mahitaji ya msingi, na ili uipate unaandikisha familia yako kila mwaka, majina na namba za soshol (Social Security, namba ya utambulisho ya kila mtu). Kwa hiyo serikali imetoka kwa mlango wa mbele ikarudi kwa dirisha.

Kinachonikera mimi zaidi ni makato ya moja kwa moja kwenye mshahara, yaliyoanza 1943 wakati wa vita. Hela haijafika mkononi ishakatwa, mtu hasikii uchungu. Nikamuonyesha dereva boksi namba 2 kwenye W-2, kodi ya federal aliyokatwa mwaka mzima. Kaitazama kimya kidogo, akaigeuza simu kifudifudi, akasema haya kaka, refandi inaingia lini?