Mafuta ya bangi ya "mmea mzima" sio mafuta, na wala sio mmea mzima

Juzi nimeisikia tena. Kijiwe cha kahawa karibu na soko la Majengo, mzee mmoja anamweleza mwenzake kwamba mafuta ya bangi ya mmea mzima unang'oa mche na mizizi yake, unatwanga vyote, unakamua, mwenzake anaitikia eeh, eeh. Mkubwa hakatizwi mbele za watu, nikamaliza kahawa yangu na kashata nikaondoka, ila nilikuwa nachemka kwaiyo acha niandike huku.

Maana yenyewe fupi tu. Ni utomvu wa maua ya bangi jike, umetolewa kwa kuyalowesha kwenye spiriti au kitu kingine cha kuyeyushia, halafu kile cha kuyeyushia kinavukizwa chote, kinabaki kitu kizito cheusi kinanata kama lami. Huko majuu wanakiita RSO, kwa jina la Rick Simpson, Mkanada aliyekitangaza sana miaka ya 2000, wengine wanakiita FECO. Basi, ndo hiyo.

Kinachonikera mimi ni maneno. Tuanze na mafuta. Hili neno ni la Kibantu kabisa, Wazulu wanasema amafutha, kwenye Kilingala ni mafuta vilevile, na shida yake ni kwamba halimkatai mtu. Ya kula ni mafuta, ya kupaka ni mafuta, ya taa ni mafuta, bodaboda ikizima njiani mafuta yameisha, na nyama ya mbuzi ukiilalamikia ina mafuta. Sasa sisi wa huku kati ambao tumelelewa na alizeti ukitutajia mafuta akili inaenda moja kwa moja kwenye mashine. Mi nimekulia Kibaigwa, kelele za mashine ya kukamua ndo zilikuwa saa yetu ya kuamkia: mbegu zinamiminwa juu, mafuta yanatoka upande huu ya moto yana povu, upande ule yanatoka mashudu ya kuwauzia wafugaji. Kwaiyo mtu akisikia mafuta ya bangi anajua tu kuna mbegu na kuna mashudu.

Mbegu za bangi zinakamulika kweli, na mafuta yake ni ya kula, yana omega za kutosha, ila hayaleweshi mtu maana ndani ya mbegu THC, ile kemikali inayolewesha, haimo, labda vumbi la utomvu lililoshika kwenye ganda. THC inakaa kwenye vitezi vidogo sana juu ya maua, ukiyagusa vidole vinanata. Hapo njia ya kawaida sio kukamua, ni kuyeyusha. Na kuna za tatu, zile chupa za CBD, kemikali nyingine ya bangi ambayo yenyewe hailewesha kama THC, imechanganywa kwenye mafuta mengine, mara nyingi ya nazi. Vitu vitatu jina moja, na bei haziko hata karibu.

Halafu hilo la mmea mzima. Mzima hapa haimaanishi mizizi, shina na matawi, sio mwarobaini huu. Maana yake ni kwamba kile kilichoyeyuka kutoka kwenye ua hakikuchambuliwa: THC, CBD, zile kanabinoidi (kemikali za jamii hiyohiyo) nyingine zaidi ya 100 zilizomo hata kama ni kwa chembechembe, terpeni zinazoleta harufu, mpaka ukijani wa majani. Ni kama alizeti ya mtaani ile yenye rangi na harufu na machicha chini ya dumu, na ile ya supamaketi iliyosafishwa mpaka hujui ilikuwa nini.

Ndo maana naumia nikiona watu wanaiandika "dondoo". Kudondoa ni anachofanya kuku kwenye uwele ulioanikwa, punje moja hapa, punje moja pale. Dondoo ni CBD tupu iliyotengwa peke yake. Hii ya mmea mzima ni kinyume chake, hakuna kilichodondolewa, umezoa mkeka mzima na mchanga wake.

Wanaoitetea wanasema kemikali zote zikienda pamoja zinasaidiana. Mkemia Raphael Mechoulam wa Israel, yeye na Yehiel Gaoni ndo walioitambua THC mwaka 1964, alikuwemo pia kwenye kundi la watafiti waliolileta wazo hilo mwaka 1998, na jina walilolipa kwa Kiswahili ningesema ni msafara, na sisi wa Dodoma msafara tunaujua, mkubwa hapiti peke yake. Lakini lile andiko lilihusu kemikali za mwilini mwetu wenyewe, kwenye mmea lilihamishiwa baadaye, na ushahidi wake kwa binadamu bado mwembamba.

Matumizi je? Watu wanaitafuta kwa maumivu, kichefuchefu cha dawa za saratani, kukosa hamu ya kula, usingizi. Kwamba inaponya saratani, kama Simpson alivyodai, haijathibitishwa kwa binadamu, na hapo sina utani maana kuna watu wanaacha kliniki. Pia nguvu yake sio ya kuchezea: ikiwa na THC asilimia 70, gramu moja ina miligramu 700, wakati Sativex, dawa ya kupuliza mdomoni iliyoruhusiwa Uingereza mwaka 2010 kwa kukakamaa misuli kwa wagonjwa wa MS, ugonjwa unaoharibu neva, mpulizo mmoja una miligramu 2.7. Piga hesabu, gramu moja ni mipulizo zaidi ya 250. Na ukimeza inachelewa, saa moja hata mbili, mtu anadhani haifanyi kazi anaongeza. Hapa kwetu lakini bangi ni bangi, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haikuulizi kama imekuwa lami.

Sasa bamdogo wangu. Mwezi uliopita kaniita, ana chupa kaletewa kutoka Afrika Kusini, ina picha ya jani kubwa, kaambiwa ni ya mmea mzima, anakunywa kijiko asubuhi na jioni kwa ajili ya goti. Wiki ya tatu. Akaniuliza kwa sauti ya chini shangazi asisikie, "Mwanangu, mbona hata sisinzii?" Nikageuza chupa nikasoma maandishi madogo ya nyuma, imekamuliwa kwa baridi, mbegu asilimia 100.

Nikamwambia, "Bamdogo, haya ni ndugu yake alizeti. Kwenye kachumbari yatakaa vizuri, ila goti twende tukalipige picha."