Kucheua mawazo: maana yake, na kwa nini "acha kuwaza" haisaidii

Ng'ombe akishiba hulala kivulini, akarudisha majani kutoka tumboni hadi kinywani, akayatafuna upya. Huko ndiko kucheua. Wanasaikolojia wameazima kitendo hichohicho kutaja tabia ya mtu kulirudisha jambo lililomuumiza na kulitafuna tena na tena, leo, kesho na mtondo. Mtaani haisemwi hivyo, husemwa "ana mawazo". Na ukiambiwa jirani ana mawazo, huulizi ni mazuri au mabaya. Umeshaelewa.

Tofauti ni kwamba ng'ombe anafaidika. Majani yanalainika, yanarudi tumboni, yanageuka maziwa. Jambo linalocheuliwa na binadamu hutoka vilevile lilivyoingia, na mara nyingi hutoka limekua.

Mwaka juzi nilichelewesha rejesho kwenye kikoba chetu. Siku ya kikao jina langu likasomwa, la tatu kwenye orodha ya wanaodaiwa. Hakuna aliyenitukana. Mwenyekiti alisoma, akafunga daftari, tukaingia kwenye ajenda nyingine. Lakini saa nane usiku niko macho, naisikia ile sauti. Mbona jina langu kalisoma kwa nguvu kuliko ya wenzangu? Mbona yule dada wa pembeni aliinamisha kichwa? Kwa nini mimi kila ninachoshika kinaharibika? Tazama mahali nilipoanzia na mahali nilipofika: nimeanza na orodha moja ya majina, nimemaliza na maisha yangu yote. Kucheua huwa kunakwenda hivyo, kutoka jambo moja lenye tarehe hadi hukumu isiyo na mpaka.

Siku ya nne nikaenda kwa mama mkubwa. Nilimkuta barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwaga yote. Vidole vyake havikusimama, chuya zikawa zinakwenda pembeni moja moja. Nilipomaliza akaniuliza:

"Unadaiwa shilingi ngapi, mwanangu?"

"Elfu arobaini na tano, mama."

"Na mkononi unazo ngapi?"

Sikujua. Siku tatu nimelikesha deni lile na sijahesabu hela. Nikafungua pochi palepale barazani: elfu kumi na nane.

"Basi zimebaki ishirini na saba. Huyo mweka hazina mnaonana lini?"

Hakunipa pole ndefu wala hakuniambia niache kuwaza. Aliuliza ngapi na lini. Mimi siku zote tatu nilikuwa nauliza kwa nini. Baadaye niliposoma kuhusu jambo hili nikaona kwamba tofauti hiyo ya maswali ndiyo wataalamu wameishughulikia kwa miaka mingi.

Aliyeuchunguza sana ucheuaji huu ni mwanasaikolojia Mmarekani, Susan Nolen-Hoeksema. Mwaka 1989 alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, California, na alikuwa ameshawahoji wanafunzi kuhusu namna wanavyoipokea huzuni inapowajia. Wiki mbili hivi baadaye, tarehe 17 Oktoba, eneo lile likapigwa na tetemeko la Loma Prieta. Bila kupanga, akawa na kipimo cha kabla na cha baada ya msiba. Aliporudi kwa wanafunzi walewale siku 10 baada ya tetemeko, na tena wiki ya 7, wale waliokuwa na tabia ya kucheua tangu kabla walionyesha dalili nyingi zaidi za sonona, yaani huzuni nzito iliyofikia kuwa ugonjwa. Ardhi ilitikisika kwa wote. Ila kuna waliobaki wakitikisika nayo.

Katika majaribio mengine watafiti waliwapa watu dakika 8 tu. Kundi moja lilielekezwa kufikiria hisia zao na sababu za kuwa walivyo. Jingine lilielekezwa kuwazia vitu vya nje visivyowahusu. Waliokuwa na huzuni tangu mwanzo wakazidi kuzama walipojichimba, na wakapata nafuu walipotazama nje. Wasiokuwa na huzuni hawakudhurika na lolote. Matokeo haya ya mwisho nayapenda kwa sababu yanatuondolea lawama: kujifikiria si kosa. Kucheua hakuwashi moto, kunachochea uliokwisha kuwaka. Ndiyo maana jambo lilelile unaweza kulifikiria mchana ukiwa na nguvu likaeleweka, na usiku wa manane likakumeza.

Sasa, kwa nini "acha kuwaza" haisaidii? Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wakae dakika 5 bila kumfikiria dubu mweupe, na kila akiwajia kichwani wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Na walipoambiwa baadaye kwamba sasa wako huru kumfikiria, wakamfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ukitaka kuhakikisha wazo limefukuzwa, lazima uchungulie kama limeondoka, na kwa kuchungulia umeshalikaribisha ndani. Kwa hiyo mtu anayeambiwa "wewe waza mazuri tu" anabebeshwa mizigo miwili: jambo lake, na aibu ya kushindwa kulisahau. Mimi ushauri huo nimeuacha kabisa, hasa kwa mtu aliyefiwa au aliyeachishwa kazi. Mtazamo chanya si kujifanya deni halipo.

Kinachofanya kazi ni kulileta wazo karibu mpaka liwe na sura. Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, aligundua miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na visentensi vinavyopita kichwani upesi mno, na wao wanavipokea kama habari za kweli bila kuviuliza lolote: "sina maana", "wote wamenichoka". Akawafundisha kuvishika na kuvihoji kama anavyohojiwa shahidi. Nani hasa amekuchoka? Alifanya nini? Kuna maelezo mengine? Nilipoihoji yangu, "wote wamenidharau" ikabaki dada mmoja aliyeinamisha kichwa, na yeye jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha.

Mwanasaikolojia Edward Watkins wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, akaenda mbele hatua moja: akaonyesha kwamba hata mtu akiendelea kuliwaza jambo lake, aina ya swali ndiyo inayoamua. "Kwa nini mimi?" humpeleka angani. "Ilitokeaje, ikafuata nini, sasa nafanya nini kwanza?" humrudisha chini. Wahenga wetu walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Watu huinukuu kama kufariji tu, lakini sikiliza kitenzi: kuganga. Mganga hushika dawa, hapimi huzuni yake.

Na wapo waliolifanyia kazi katika lugha ya ndugu zetu. Kishona cha Zimbabwe, Kibantu kama Kiswahili, kina neno *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na watu wa huko huenda zahanati wakalitaja hilo kama ugonjwa wao. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwasaidia watu hao kupitia mabibi wazee katika kitongoji cha Mbare, Harare. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakasikiliza, kisha wakamsaidia mtu achague tatizo moja katika mengi yake na hatua moja anayoiweza wiki hiyo. Hatua ya kwanza ya mazungumzo yale huitwa *kuvhura pfungwa*, kufungua fikra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa benchi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika hadi Zanzibar. Niliposoma habari zake nilimwona mama mkubwa na ungo wake.

Kwa kujaribu mwenyewe, anza na muda wako mbaya. Wangu ni usiku, na nimejifunza kutobishana na wazo nikiwa nimelala. Naamka, nawasha taa, naandika nyuma ya daftari la matumizi: nini kimetokea, nani wa kuonana naye, lini. Nisipopata jibu la "lini", najua hapo hakuna kazi ya kufanya, nilikuwa nacheua tu. Basi naosha vyombo au naanza kukanda unga wa asubuhi, kitu kinachoshika mikono na macho. Baadhi ya siku hainisaidii. Siku nyingi inasaidia. Tabia iliyokaa miaka haiondoki kwa wiki moja, na ikirudi haina maana umefeli.

Lakini kuna kiwango ambacho daftari halitoshi. Huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, usingizi na hamu ya kula vikaharibika, uliyoyapenda yakawa hayana ladha, hapo tunazungumzia sonona, na sonona hutibiwa. Likija wazo la kufa au kujidhuru, usisubiri hata siku moja, na usikae peke yako. Tumezoea kutaniana "utapelekwa Mirembe", ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, na utani huo umewafungia watu ndani. Sala na dua ziendelee, na kituo cha afya uende pia; kwa kawaida wao ndio watakaokuandikia rufaa ikihitajika. Ukifika, usiishie kusema "sijisikii vizuri". Mwambie mhudumu umelala saa ngapi usiku wa jana na wa juzi, mara ya mwisho ulikula chakula ukakimaliza ilikuwa lini, na lile wazo linalorudi, litaje kwa maneno yake yaleyale.